Chapu na Barua za Miguu

Kila siku akitoka shule, Chapu alipita moja kwa moja karakanani kwa bibi yake. Aliweka mkoba chini ya meza, akafagia vipande vya ngozi vilivyotapakaa sakafuni, akaokota misumari midogo kwa sumaku, kisha akaketi kwenye kigoda chake kumsubiri mama yake atoke kazini. Kazi ambayo mwingine angeikokota jioni nzima, yeye aliimaliza kabla chai ya mjomba wake haijapoa. Ndiyo sababu ya kuitwa Chapu. Jina lake la shuleni lilibaki kwenye madaftari. Mtaa mzima walimjua kwa jina la Chapu, na hata mwalimu wa hisabati akijisahau alimwita hivyo hivyo.

Bibi yake alikuwa fundi viatu, lakini si wa viatu vya kila mguu. Alishonea watoto ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake, au unyayo umepinda, au vidole vimejikunja. Kiatu kimoja alikipa soli ya kawaida, kingine akakinyanyua kwa soli nene, ili mtoto akisimama mabega yake yakae sawa. Mjomba ndiye aliyekata soli na kupaka gundi. Kupima, kuchora, kukata ngozi na kushona ilikuwa kazi ya bibi mwenyewe.

Kutoka kwenye meza ya bibi hadi mlangoni palikuwa na njia ya mbao, imelika katikati kwa kukanyagwa. Hakuna kiatu kilichotoka karakanani kabla ya kutembezwa pale. Mtoto alivaa, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Bibi alichuchumaa pembeni, na wala hakutazama viatu, alitazama mabega. Na kama mtoto anakaa mbali, mjomba alivalisha viatu hivyo kwenye magongo mawili ya mbao yaliyokatwa kwa kipimo cha miguu ya mtoto huyo, akayashika kwa juu na kuyatembeza, huku akitoa sauti ya kizee: "Habari za hapa? Mimi ni Bwana Magongo, nimekuja kutafuta mchumba." Watoto wa jirani walikuwa wakija kuchungulia dirishani wacheke mpaka mbavu ziwaume.

Basi neno hilo, kutembeza, likawa la kila kitu karakanani. Ukitia sukari kwenye chai, bibi atauliza, "Umetembeza?" Maana yake, umeionja? Ukifunga dirisha, "Umetembeza?" Yaani, umelisukuma uone kama limeshika?

Bibi alipenda pia vitendawili. Kila alasiri alitega kimoja, na kila alasiri Chapu alijibu kabla hakijaisha.

"Kitendawili," bibi alisema siku moja akiwa na sindano mdomoni.

"Tega."

"Nina ndugu wawili, wanafuatana kutwa nzima..."

"Macho."

"Sijamaliza, mke mwenzangu." Bibi humwita mjukuu wake hivyo kwa utani. "Wanafuatana kutwa nzima, lakini usiku wanalala chini ya kitanda."

"Aa. Viatu."

"Viatu. Na wewe unakaa ndani ya duka la viatu." Mjomba alicheka hadi akajipaka gundi kwenye ndevu.

Sasa, watoto wengi waliovaa viatu vya bibi walikaa mbali, na vipimo vyao vilikuja kwa barua pepe. Mpimaji kwenye kliniki alimsimamisha mtoto juu ya karatasi, akazungusha penseli kufuata unyayo, akapiga picha mchoro ule, akautuma pamoja na maneno machache. Bibi alitunza kila barua. Ndani ya kompyuta alikuwa na folda moja kubwa aliyoiita Barua za Miguu, na ndani yake kila mtoto alikuwa na folda yake ndogo, kama chumba chake mwenyewe.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani mno, wakaiita Kikongwe. Ilinuka gundi. Ukiiwasha ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, mfano wa mtu anayetafuta miwani gizani. Nayo ilikuwa na tabia moja iliyowekwa tangu enzi ambazo mtandao ulipatikana kwa tabu: barua ikishuka ndani ya Kikongwe, kule mtandaoni ilikotoka inafutika. Kwa hiyo barua za miguu hazikuwa pengine popote duniani, isipokuwa tumboni mwa Kikongwe.

Ikaja siku Kikongwe kikazimika mara tatu katika barua moja. Bibi akasema basi, na mjomba akaleta kompyuta nyingine kutoka kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Walikubaliana kwamba fundi huyo ataichukua ile ya zamani aitoe vipuri.

"Mke mwenzangu," bibi alimwambia Chapu asubuhi, "mimi nasafiri kutafuta ngozi, nitalala kwa dada yangu. Wewe kompyuta mnafundishwa shuleni. Ukirudi leo nihamishie barua za miguu kutoka huku kwenda huku. Usiende mbio. Ukishahamisha, tembeza. Ndipo mjomba wako aipeleke ile ya zamani."

"Usiwe na wasiwasi, bibi. Hiyo kazi ndogo."

Jioni ile kulikuwa na mazoezi ya mpira wa pete. Chapu alikuwa mfungaji, na mechi na shule ya jirani ilikuwa karibu. Alipokuwa anachomeka flashi kwenye Kikongwe, rafiki yake aliyeitwa Goti, kwa sababu goti lake halikukosa kidonda, alikuwa tayari yuko dirishani.

"Chapu, tunaanza bila wewe."

"Nakuja, nakuja."

Juu ya kioo cha Kikongwe palikuwa na picha ndogo ya folda, na chini yake maandishi: Barua za Miguu. Chapu aliishika kwa kipanya, akaiburuta hadi kwenye flashi, akaiachia. Ikaingia mara moja, hata kope hajapepesa. Miaka yote ile ya barua, kufumba na kufumbua. Kwenye pembe ya ile picha aliona kishale kidogo kilichopinda. Akajiuliza ni cha nini, lakini Goti alikuwa anapiga mluzi, na swali likampita. Akachomeka flashi kwenye kompyuta mpya, akaibandika ile picha katikati ya kioo. Ikakaa pale, imependeza, na jina lake chini.

"Umemaliza?" mjomba akauliza kutoka kwenye soli zake.

"Nimemaliza."

"Umetembeza?"

Chapu alikuwa anafunga kamba za raba. "Nimetembeza, mjomba," akasema, na mguu mmoja tayari uko nje.

Mjomba akafuta mikono, akapakia Kikongwe kwenye mkokoteni, akakipeleka.

*

Bibi alirudi na ngozi laini ya kahawia, na furaha tele. Ngozi ile ilikuwa ya viatu vya mtoto mmoja wa mwashi, msichana wa miaka sita, waliyemwita Kidedea kwa sababu alikuwa akianguka na kuinuka huku anacheka. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi. Bibi alimshonea viatu tangu anajifunza kusimama, ingawa alikaa mbali sana. Shule zikifunguliwa baada ya likizo ijayo, Kidedea alikuwa aingie darasa la kwanza, na shule ilikuwa upande wa pili wa kilima. Viatu vya zamani vilikwisha kumbana. Baba yake alikwisha kutuma habari: atapita mwenyewe kuvichukua, pamoja na mtoto, kabla shule hazijafunguliwa.

"Tuone mguu wa mwanangu umekua vipi," bibi alisema. Akavaa miwani, akabofya ile picha katikati ya kioo.

Kompyuta ikaandika: Kinachotafutwa hakipo.

Bibi akabofya tena. Ikaandika yale yale. Akamtazama Chapu, ambaye alikuwa anaokota misumari. "Njoo unitazamie, mimi labda nimekosea."

Chapu akabofya. Akabofya kwa nguvu zaidi, utadhani kipanya kina usingizi. Kinachotafutwa hakipo.

"Huyu fundi katuuzia kitu kibovu," mjomba alisema, akiinuka. "Kompyuta haijamaliza wiki, tayari inameza vitu vya watu. Nakwenda kumwambia sasa hivi, na maneno yangu leo hatayasahau."

Bibi akatikisa kichwa. "Huenda kweli ni mbovu. Mtoto alihamisha, na akatembeza."

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa kwa Chapu. Hakutakiwa kusema hata neno. Angenyamaza tu, na mjomba angekwenda kumfokea mtu mwingine, na lawama ingelala huko huko. Mjomba alikuwa tayari amevua aproni yake. Chapu alitazama ile njia ya mbao, akamwona mjomba anaikanyaga kuelekea mlangoni, hatua moja, hatua nyingine.

"Mjomba, usiende," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Bibi, mimi sikutembeza."

Mjomba akasimama mlangoni.

"Mjomba wako alikuuliza?" bibi akasema.

"Aliniuliza. Nikasema nimetembeza. Nilikuwa nakimbilia mpira."

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, na hakuivaa tena. Aliposema, hakupandisha sauti, na kwa Chapu hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Unajua kwa nini natunza barua za zamani? Nikitumiwa kipimo kipya cha Kidedea, nakilaza juu ya cha mwaka jana na cha mwaka juzi. Ndipo naona mguu unakimbilia wapi, na soli niinyanyue kiasi gani. Nikikisia, mgongo wa mtoto utapinda. Kliniki watampima upya, sawa, ingawa atakosa siku za kwanza za shule akisubiri foleni. Lakini mguu wake wa miaka mitatu nitaupima wapi leo? Haupo tena duniani."

Chapu akalia, lakini si kwa muda mrefu. Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Bibi, Kikongwe kiko kwa fundi wa kompyuta. Naomba niende. Nitazitafuta mpaka nizipate."

"Umenipa kazi mbili," bibi akasema. "Ya barua, na ya neno lako. Ya neno lako tutaifanya taratibu. Ya barua ina haraka. Vaa viatu twende."

*

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mnene mwenye bisibisi iliyochomekwa kwenye nywele. Aliamkiana na bibi, akapokea shikamoo ya Chapu, akatazama flashi, akaguna.

"Unakiona hiki kishale pembeni? Hii siyo folda, binti. Hiki ni kibao cha njiani. Kinasema, barua zipo kule ndani. Wewe umeng'oa kibao ukakileta. Nyumba imebaki kule kule."

"Na Kikongwe kiko wapi?"

Fundi akaonyesha kona. Pale palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo diski za kompyuta zimerundikana, bapa, za rangi ya fedha, ukubwa wa kitabu kidogo. "Bati nimelitoa likaenda kwa watu wa chuma chakavu. Tumbo lake limo humo. Lipi, usiniulize, maana zinafanana kama mayai. Jumamosi nazifuta zote, nizitie kwenye mashine za watu wengine."

"Tafadhali, usizifute," Chapu akasema.

"Nimeahidi watu, binti. Na mashine za hospitali ziko hapa mezani zinaningoja, sina nafasi ya kuchomeka moja moja. Mwenye nafasi ndiye achomeke."

"Nitachomeka mimi. Kila siku nikitoka shule."

Fundi akamtazama bibi. Bibi akatazama dari. Basi fundi akamvutia Chapu kiti, akampa kebo. "Sikiliza lakini. Humu mna mambo ya watu. Ukichomeka, utaona jina la mwenyewe. Kama si bibi yako, chomoa. Usifungue, usichungulie. Nikikukuta unachungulia, mlango ni ule pale."

"Sichungulii."

Siku ya kwanza Chapu alikwenda kwa mwendo wake ule ule. Chomeka, tazama, chomoa, tupa ndooni. Chomeka, tazama, chomoa, tupa ndooni. Jioni ilipoingia akagundua kitu kilichomfanya ashike kichwa: zile alizokwisha tazama alikuwa amezichanganya na zile ambazo bado. Kazi yote ya siku ile ilikuwa imerudi ndooni.

Fundi aliona, lakini hakucheka. Alimsogezea tu boksi tupu kwa mguu, pamoja na kipande cha chaki.

Kesho yake Chapu akajifunga kibwebwe. Kila diski aliyoitazama aliichora msalaba wa chaki, akailaza bokseni. Polepole. Nyingine zilichukua muda kuamka, naye akasubiri, mikono kwenye mapaja. Moja ilifunguka yenyewe, na mbele yake yakajitokeza maandishi makubwa: Mitihani ya Muhula, Darasa la Sita. Chapu alikuwa darasa la sita. Hakujua ni ya shule gani, na kujua kungechukua mbofyo mmoja tu. Fundi alikuwa amempa mgongo.

Akaichomoa. "Mama, hii ina mitihani," akasema. "Ukianza kufuta, anza na hii."

Fundi akageuka, akaichukua, akamtazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mtu anayepokea kitu. "Haya," akasema.

Ndipo Goti akapita dirishani na wenzake, mpira kwapani. "Jamani, njooni mwone. Chapu amegeuka kobe."

"Afadhali kobe," Chapu akajibu bila kuinua kichwa. "Yeye nyumba yake hakuiacha kwa watu."

"Mechi ni keshokutwa. Nani atafunga?"

"Funga wewe. Goti lako lina nafasi ya kidonda kingine."

Walicheka, wakaenda zao, na sauti ya mpira ikidunda ikapotea mtaani. Chapu aliisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akachukua diski nyingine.

Ijumaa zikabaki chache chini ya ndoo. Chapu alichomeka moja, haikuwa yenyewe. Akachomeka nyingine, imekufa kabisa. Alipoichukua iliyofuata, kabla hajaichomeka, akaileta puani. Akainusa tena.

"Unakula diski sasa?" fundi akauliza.

"Inanuka gundi."

Akaichomeka. Ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, ikitafuta miwani yake gizani. Chapu alikuwa akiusikia mkoromo ule tangu hajui kusoma. Kwenye kioo likatokea jina: Fundi Viatu. Na ndani, safari hii bila kishale chochote pembeni, folda: Barua za Miguu.

Machozi yalimlengalenga, lakini mikono yake ilitulia. "Mama, njoo unisaidie. Imechoka sana hii, sitaki niiguse vibaya."

Fundi akaja, akatega sikio. "Imechoka kweli. Usifungue chochote humu. Tunainakili yote ilivyo, kisha tutafungua nakala. Na ikisimama, tusiilazimishe."

Wakaanza. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo, ukafika kati, ukasimama. Diski ilikuwa imepata moto sana. Fundi akaipumzisha, akaielekezea feni, na Chapu akakaa pembeni yake kama anayekaa na mgonjwa. Ilipopoa wakaendelea. Ukasimama tena. Wakaipumzisha tena. Mama yake Chapu alipita kumchukua, akaona hali, akavuta boksi akakaa naye. Hatimaye mstari ukafika mwisho.

"Haya, hongera," fundi akasema. "Chomoa flashi yako uende."

"Bado," Chapu akasema. "Sijatembeza."

Akafungua nakala. Akafungua chumba cha mtoto wa kwanza, barua ikafunguka, akafungua na picha ya mchoro. Akaenda katikati. Akaenda mwisho. Akamtafuta Kidedea, akafungua barua zake moja moja, miguu midogo ikajitokeza kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkubwa kidogo kuliko uliotangulia. Picha moja ilikataa. Akaomba inakiliwe tena peke yake. Mara ya pili ikafunguka.

"Mimi hiki kipande cha kutembeza nimekipenda," fundi akamwambia mama yake Chapu. "Wateja wangu wakubwa hawakijui." Kisha akachukua flashi nyingine. "Na nakala mbili, binti. Moja ikae kwa bibi, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Ikipotea huku, ipo kule."

*

Asubuhi yake fundi akaja karakanani mwenyewe, akaweka kwenye kompyuta mpya programu ya barua iliyofanana na ile ya zamani, akaiambia iache nakala mtandaoni badala ya kufuta, akaingiza folda ya bibi mahali pake. Bibi akakaa na kutaja watoto wake mmoja mmoja kwa majina ya utani, Chapu akifungua: Mchele, Tajiri, Kinyonga, Mama Mkwe. Barua za mmoja tu ndizo zilizoharibika zisifunguke. Bibi akacheka.

"Huyo ana ndevu siku hizi. Mguu wake ulishaacha kukua. Mwache."

Alipofika kwa Kidedea, bibi aliweka mchoro mmoja juu ya mwenzake, wa zamani na mpya, akaitazama. Halafu akachukua chaki akachora kwenye ngozi ya kahawia. Timu ya Chapu ilikuwa inacheza wakati huo. Ilifungwa, na Goti alikuja jioni na kidonda kipya kusimulia. Chapu alimsikiliza huku akimshikia bibi ngozi ivutike vizuri chini ya sindano.

Mwashi alikuja na binti yake mwishoni mwa likizo, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Kidedea alivishwa viatu pale pale kwenye kigoda cha Chapu. Mjomba akakunja mikono, maana safari hii Bwana Magongo hakuhitajika. Bibi akachuchumaa.

"Haya mwanangu. Mpaka mlangoni, urudi."

Kidedea akasimama. Akashika meza, akaiachia. Akakanyaga mbao, kushoto, kulia, kushoto. Chapu alitazama mabega, kama bibi alivyomfundisha. Yalikuwa sawasawa kama rafu iliyopigiliwa vizuri. Mtoto akafika mlangoni. Alitakiwa kugeuka. Hakugeuka, alishuka kizingiti, akaendelea mtaani, anacheka, baba yake akimkimbilia kwa nyuma.

"Mwache aende," bibi akasema. "Hiyo ndiyo kutembeza."

Walipokwisha kuondoka, Chapu akafagia, akaokota misumari. Bibi akamwita akae.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimebeba mlango mfukoni, nikajisifu nimehama..."

Bibi akasita hapo makusudi. Chapu alikuwa na jibu tayari ulimini. Akalishika. Akangoja.

"...kumbe nyumba nimeiacha kwa jirani, na watu wangu wote wamo ndani."

"Ni mimi, bibi," Chapu akasema. "Na kile kibao chenye kishale."

"Umekipata." Bibi akamgusa kichwani. "Sasa nikwambie, mke mwenzangu, na nitasema mara moja tu. Kukosea kuhamisha siyo kosa lililoniuma. Kishale kile hata mimi nisingekijua. Lililoniuma ni pale ulipoulizwa, ukasema ndiyo, na ilikuwa hapana. Mimi na mjomba wako tulilikanyaga neno lako tukidhani ni sakafu. Na kilichoniponya siyo flashi. Ni kwamba ulimzuia mjomba wako mlangoni wakati hakuna aliyekushuku, kisha ukakaa kwenye ile ndoo mpaka mwisho. Kuharakisha si dhambi, ila kazi haiishi mikono inapoacha kuigusa. Inaisha ukiisha kuijaribu, na ukiulizwa, ukajibu kama ilivyo."

Chapu akaitika kwa kichwa. Mjomba, ambaye muda wote alikuwa anasikiliza, akainua kikombe chake.

"Yote nimeyasikia. Sasa hii chai uliyonipa, umetembeza?"

Chapu alikuwa amefungua mdomo kujibu. Akaufunga. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akaonja.

"Bado haina sukari, mjomba," akasema, akaenda kuitia.